Mama Aliyeapa Kutopiga: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Wilayani Chamwino

Mtoto alikuwa na miaka mitano, na uji ulikuwa bado unatoa mvuke. Asubuhi hiyo ya Novemba 2022, katika darasa la awali la shule moja ya msingi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, kikombe cha bati kilimponyoka mkononi na uji wote ukamwagikia mguu wake wa kulia. Watoto waliokaa naye walipiga yowe. Yeye hakutoa sauti. Aliinama, akaanza kuuzoa uji uliobaki sakafuni kwa kiganja na kuurudisha kikombeni, na mwalimu alipomfikia na kumvua kandambili, ngozi ikiwa imekwisha kufanya malengelenge, mtoto alimtazama usoni kama mtu anayesubiri kusomewa kosa lake. Aliponyanyuliwa ili apelekwe zahanati, karanga ziliporomoka kutoka mfukoni mwa sketi yake: karanga kavu zilizobanguliwa, ambazo hazijakaangwa, chache tu za kujaza ngumi ya mtoto.

Sifa ya kwanza ya kisa hiki ni ya mwalimu huyo. Kwetu mtoto asiyelia husifiwa. Huitwa mpole, huambiwa hana usumbufu, na mama yake hupongezwa na majirani kwa kumlea vizuri. Mwalimu hakumpongeza mtu. Alimpigia simu mtendaji wa kijiji na kumwambia kwamba mtoto ameungua na hakulia, na kwamba katika miaka yote aliyofundisha watoto wadogo hajaliona jambo la namna hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009, katika kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa au kijiji chake, lakini wengi wetu huisoma sheria hiyo kama inayohusu makovu na damu. Mwalimu aliripoti ukimya. Mtendaji akanipigia mimi, niliyekuwa afisa ustawi wa jamii niliyepangiwa kata hiyo. Majina yote nimeyaacha, na mambo kadhaa madogo nimeyabadili ili familia isitambulike.

Jalada la zamani

Kosa langu nililifanya kabla sijafika kwenye nyumba hiyo. Nilipotaja jina la mama wa mtoto ofisini, mhudumu wa masjala, ambaye amekaa pale miaka mingi, alikwenda kwenye kabati na kurudi na jalada jembamba la mwaka 2006. Mama huyo, wakati huo akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, aliwahi kuletwa na jirani akiwa ameungua viganja vyote viwili. Mama yake mzazi ndiye aliyemchoma kwa kijinga cha moto kwa sababu alikuta amekula karanga za mbegu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja: mzazi ameonywa, mtoto amerudishwa nyumbani.

Nilisoma jalada hilo nikiwa nimesimama, na nilipolifunga nilikuwa nimekwisha kuamua. Mama alichomwa, mtoto ameungua, karanga zipo mfukoni. Hesabu ilionekana imekamilika. Nikaenda kijijini mchana ule ule nikiwa na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, akiwa amevaa sare, na swali langu la kwanza kwa mama, kabla hata ya kukaribishwa kigoda, lilitoka moja kwa moja kwenye lile jalada: je, unampiga mtoto?

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, mrefu, mikono ameikunja kwapani. Alijibu kwa sauti ya chini.

"Sijawahi kumgusa mwanangu. Muulize yeyote."

Tuliwauliza. Majirani wanne, mwenyekiti wa kitongoji, na mama mmoja muuza dagaa ambaye haoni sababu ya kumficha mtu, wote walisema jambo moja: huyo hajawahi kumpiga mtoto, tena wakati mwingine wanamcheka kwa hilo. Zahanati ilithibitisha kwamba mguu wa mtoto umeungua shuleni, mbele ya mashahidi thelathini, na hapakuwa na alama nyingine mwilini isipokuwa wembamba. Fomu niliyokuwa nayo ilianza na kipigo, ikaendelea na kipigo, na kipengele cha kutojaliwa kilikuwa na kisanduku kimoja upande wa nyuma. Nilikijaza kwa alama ya kuuliza. Mama naye, baada ya kuona sare mlangoni kwake, hakuzungumza nami tena kwa muda wa miezi miwili. Kila nilipofika niliambiwa yupo shambani, na mara mbili nilisikia kikohozi chake nyuma ya nyumba.

Kufuli

Aliyefungua kisa alikuwa mtoto mwenyewe, na alikifungua kwa mchezo. Mwalimu alikuwa amewapa watoto udongo wa mfinyanzi wafinyange wanachotaka. Wenzake walifinyanga ng'ombe, sufuria na magari. Yeye alifinyanga kufuli, akatengeneza na ufunguo, na akampa mwalimu ufunguo huo akimwambia, "Wewe kaa nje."

Mwezi Januari 2023 nilikwenda tena kwa mama, safari hii peke yangu, bila fomu, jioni alipokuwa ametoka kwenye kibarua cha shamba la zabibu. Nilimsaidia kupepeta mtama kidogo, jambo ambalo nalifanya vibaya na lilimchekesha. Nikamwambia kwamba mara ya kwanza nilikuja vibaya na ninaomba radhi. Hakujibu kitu. Baadaye kidogo, bila mimi kuuliza, akaanza kueleza kuhusu kufuli.

Mtoto akilia, alisema, mwili wake hutetemeka kuanzia kwenye mikono. Viganja huwa vya moto. Anajua kabisa kinachotaka kutokea, kwa hiyo huchukua kufuli, hutoka, hufunga mlango kwa nje ili mtoto asimfuate, na huondoka. Zamani aliondoka kwa nusu saa. Siku hizi mtoto halii, lakini zipo sababu nyingine. Usiku wa kuamkia siku ile ya uji, alirudi akamkuta mtoto ameingiza mkono kwenye kiroba cha karanga za mbegu. Mvua zilikuwa bado hazijaanza, na kiroba hicho ndicho kilichokuwa shamba lao lote la mwaka unaofuata. Akaiona mikono yake ikinyanyuka. Akafunga kufuli saa moja jioni, akatembea hadi pembezoni mwa shamba la zabibu, akakaa huko mpaka saa kumi na moja alfajiri. Aliporudi alimkuta mtoto amelala nyuma ya mlango, akamnawisha uso na kumwambia awahi shule. Hakujua kwamba mfukoni kuna karanga.

"Kwa hiyo unaona," aliniambia, "sikumchoma."

Nilikaa na sentensi hiyo kwa muda mrefu, na hata leo sijui kama upo muhtasari bora zaidi wa suala zima la ukatili wa watoto unavyopita kutoka kizazi kimoja kwenda kingine. Mwanamke huyu alikuwa ameapa, akiwa na miaka kumi na mmoja, kwamba hatampiga mtoto wake. Kiapo amekitimiza kwa uaminifu ambao wengi wetu hatuna. Mtoto wake amelala gizani peke yake kwa muda wa saa kumi, si mara moja, na kabla ya kufikisha miaka mitatu alikuwa amekwisha kujifunza kwamba kilio humfukuza mama. Basi akaacha kulia.

Nani alimfunza bibi

Bibi, yaani mama wa mama, anaishi mwendo wa robo saa kutoka hapo. Amekaribia miaka sitini. Nilimwamkia, akaitikia, akanirudishia salamu ya Kigogo na kunitengea mahali pa kukaa kivulini. Nilitegemea kukutana na mtu mkali. Nilimkuta mama mchangamfu, anayependwa na wajukuu wa jirani, ambaye alipofahamu nilichokuja kuuliza hakukana neno hata moja.

"Nilimchoma, ndiyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Methali hiyo nimeisikia katika vikao vingi mno kiasi kwamba ningependa kuiwekea ushuru. Lakini bibi hakuishia kwenye methali. Familia yao ilihamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na njaa ya 1974 ilipobana, yeye akiwa mtoto wa miaka kama kumi, alipelekwa kwa mjomba aliyekuwa na chakula. Ni utaratibu wa zamani Ugogo. Wazee bado huhesabu miaka kwa majina ya njaa, na ile kubwa ya 1917 hadi 1920, Mtunya, hutajwa na watu ambao hata baba zao walikuwa hawajazaliwa. Mtoto aliyepelekwa kwa jamaa alikula kwa kufanya kazi. Bibi alichota maji na kuchunga mbuzi, na siku moja akatafuna konzi ya mtama wa mbegu. Mjomba akamchoma viganja. Alisema hivyo kwa utulivu, akiongeza kwamba mjomba hakuwa mtu mbaya: mbegu ikiliwa nyumba nzima hufa, na kiganja hupona.

Tukumbuke kwamba 2006, mwaka wa jalada letu, ulitanguliwa na ukame mkali uliosababisha upungufu wa chakula katika maeneo mengi ya nchi. Karanga alizokula binti yake zilikuwa mbegu, kama mtama ule ulivyokuwa mbegu. Katika akili ya bibi hakuwa akimtesa mtoto, bali alikuwa akiiokoa nyumba kwa njia pekee aliyoonyeshwa, na baada ya kuchoma, kwa maelezo yake na ya binti yake, alimpaka asali viganjani huku analia, usiku kucha. Mtoto aliyeumizwa na mtu asiyempenda anaweza kumchukia mtu huyo na kuendelea na maisha. Mtoto ambaye mkono unaomchoma ndio huo huo unaompaka asali hana pa kukimbilia, kwa sababu anapokimbia hatari anajikuta anaikimbilia.

Kinachorithiwa ni nini hasa

Watu wengi, na hata sisi watumishi, tunaamini kwamba aliyeteswa atatesa, kana kwamba ni mbegu na mmea. Tafiti hazisemi hivyo. Joan Kaufman na Edward Zigler walipozipitia tafiti za wakati wao mwaka 1987 walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya wazazi walioteswa utotoni ndio huja kuwatesa watoto wao, kwa maana kwamba karibu wazazi saba kati ya kumi hawafanyi hivyo. Kiwango hicho kinazidi sana cha watu wa kawaida, na ndiyo maana historia ya mzazi ni lazima iulizwe. Lakini aliyelisoma jalada la 2006 akadhani amekwisha kuusoma mwaka 2022, kama nilivyofanya mimi, alikuwa amekosea kwa uwezekano wa zaidi ya nusu.

Utafiti unaokifaa zaidi kisa chetu ni wa Cathy Spatz Widom na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 nchini Marekani. Waliwafuatilia watu ambao utotoni kesi zao za kuteswa au kutelekezwa zilifika mahakamani kati ya 1967 na 1971, wakawalinganisha na wenzao wa hali zinazofanana wasio na kesi hizo, kisha wakawatazama watoto wa makundi yote mawili, na taarifa wakazichukua kwa wazazi, kwa watoto wenyewe na kwenye kumbukumbu za idara za ulinzi wa watoto. Mambo mawili yalijitokeza. Watoto wa wazazi walioteswa walikuwa katika hatari zaidi ya kutelekezwa na ya ukatili wa kingono, lakini kipigo, jambo ambalo kila mtu alilitegemea, hakikuonekana kurithiwa kwa kiwango kilichotarajiwa. La pili ni kwamba, kati ya wazazi waliotenda makosa yanayofanana, wale wenye historia ndio walioripotiwa zaidi kwa mamlaka. Jicho la ofisi huwafuata wanaojulikana tayari.

Ya kwanza inaieleza nyumba yetu. Ya pili inanieleza mimi. Ukatili katika familia hii ulibadilika sura ulipovuka kutoka kwa bibi kwenda kwa mama. Kipigo kilikoma. Kilichobaki ni tafsiri ya kilio cha mtoto: kwa mjomba wa 1974 kilikuwa ufidhuli, kwa bibi kilikuwa upuuzi ambao ukiuchelea utakuliza, na kwa mama kilikuwa king'ora kinachomwambia kwamba mikono yake iko karibu kufanya jambo. Watu watatu, na hakuna aliyeweza kukisikia kilio kama taarifa ya mtoto kwamba ana njaa, anaogopa au anaumwa.

Hapa nahitaji kumtaja Selma Fraiberg, ambaye mwaka 1975, akifanya kazi na wenzake huko Michigan, Marekani, kwa akina mama na watoto wachanga, aliuliza swali lililo kinyume na letu: kwa nini wapo wazazi wengi walioteswa ambao hawarudii? Jibu lake lilikuwa kwamba kulikumbuka tukio hakumwokoi mtu. Kinachookoa ni kuyakumbuka maumivu yake. Mzazi anayekumbuka kilichofanyika, lakini akayazika machungu yake, hujikuta amesimama upande wa aliyemtesa. Mama wa Chamwino alipoisimulia habari ya kuchomwa, aliisimulia kama mtu anayesoma tangazo la mnada: siku, mahali, kijinga, kiganja. Nilipomuuliza kama iliuma, alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema hakumbuki.

Kuna wanaopenda kuyaweka haya yote kwenye nafsi ya mzazi, na hilo silikubali. Mwanamke huyu alikuwa akitoka nyumbani kabla ya jua, akichota maji kwanza, kisha akienda kibaruani mpaka alasiri, baba wa mtoto akiwa ameenda machimboni na simu yake haipatikani tangu mtoto akiwa hajaanza kutembea. Chakula cha kwanza cha mtoto kilikuwa uji wa shule, na siku zisizo za shule kilikuwa chakula cha jioni. Njaa ya mtoto haikusababishwa na kiwewe. Ilisababishwa na njaa. Kiwewe kilichofanya ni kuhakikisha kwamba mtoto huyo hana namna ya kumwambia mtu.

Aidha, ni vigumu kuitazama nyumba moja bila kuitazama nchi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka kumi na minane. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, na Sheria ya Mtoto yenyewe, pamoja na kupiga marufuku adhabu ya kikatili, inaacha nafasi ya kumrudi mtoto kwa kiasi kinacholingana na umri na hali yake. Katika mazingira hayo bibi hakuhitaji kujificha, na mama, kwa kutopiga, ndiye aliyeonekana wa ajabu kijijini.

Kaka

Mama huyu ana kaka, aliyemzidi miaka mitatu, ambaye ni fundi seremala huko Kongwa. Wamezaliwa nyumba moja, kwa mama mmoja, na yeye pia alipigwa, ingawa hakuchomwa. Ana watoto watatu. Nilimtembelea mara mbili, mara ya pili bila kutoa taarifa, na nilichokiona ni nyumba ya kawaida kabisa, yenye kelele. Mtoto wake wa mwisho alianguka kutoka kwenye benchi la kazi mbele yangu, akalia kwa sauti ya kutosha kusikika hadi barabarani, na baba akaweka randa chini, akamnyanyua, akamkung'uta vumbi la mbao, akaendelea kuzungumza nami huku amempakata. Yote hayo aliyafanya bila kufikiri.

Nilimuuliza tofauti ni nini. Alifikiri, kisha akasema, "Labda ni bibi mzaa baba." Alipokuwa na miaka saba alipelekwa Kongwa kwa bibi huyo, akakaa miaka mitano. Hakupelekwa kwa sababu ya huruma ya mtu; bibi alikuwa na mbuzi na hakuwa na mchungaji. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua zizi, bibi huyo alimuuliza kijana ameota nini usiku, na alikaa akamsikiliza mpaka ndoto iishe. Baadhi ya siku alibuni ndoto ili tu asimkatishe tamaa.

Byron Egeland na wenzake, ambao waliwafuatilia akina mama maskini wa Minnesota, nako ni Marekani, waliandika mwaka 1988 kwamba wale waliovunja mnyororo walitofautiana na wenzao kwa mambo kama matatu: utotoni walikuwa na mtu mzima mmoja aliyewapa upendo na hakuwatesa, au waliwahi kupata tiba ya kisaikolojia ya kutosha, au ukubwani walikuwa na mwenza wa kutegemewa. Kaka alikuwa na bibi wa ndoto, na leo ana mke anayemheshimu. Dada hakuwa na hata kimoja. Baada ya kuchomwa alipelekwa kwa shangazi mjini Dodoma kwa mwaka mmoja, akawa mfanyakazi wa ndani asiyelipwa, akarudi. Ndiyo kusema, familia moja iliwatoa watoto wawili nje kwa sababu ile ile ya kazi na riziki, na mmoja aliangukia kwa mtu anayeuliza.

Tulichofanya

Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata ilikaa mara tatu. Hoja ya kwanza ilikuwa kumhamishia mtoto kwa familia ya kuaminika, na wajumbe wawili waliitetea kwa nguvu. Bibi naye alijitolea kumchukua mjukuu, kwa nia njema ninayoiamini, na mjumbe mmoja aliona hilo ni jibu la kindugu lisilo na gharama. Niliipinga hoja hiyo na bado naipinga: kumtoa mtoto kwa mama asiyepiga ili akae kwa bibi aliyechoma kwa sababu tu nyumba ya bibi ina watu wengi ni kuisoma hatari kwa wembamba wa mtoto pekee. Mtoto alibaki kwa mama, kwa masharti. Mama muuza dagaa, yule asiyemficha mtu, alikubali kukaa na mtoto kuanzia alfajiri hadi muda wa shule na tena jioni, na tulimtafutia mama kibarua cha karibu zaidi kwa mkulima mwingine. Kufuli tuliliacha mlangoni, ila lifungwe mtoto akiwa nje.

Kazi ngumu ilikuwa nyingine. Kwa miezi tisa nilikwenda kwenye nyumba hiyo kila baada ya wiki mbili, jioni, mama akipika na mtoto akiwapo, kwa sababu hakuna maana ya kuzungumzia kilio mahali pasipo na mtoto. Mtoto alipoanza kulia tena, na ilichukua majuma mengi, kazi ya mama ilikuwa moja tu: kukaa. Asimbembeleze, asimnyamazishe, akae tu karibu mpaka kilio kiishe. Mara ya kwanza mtoto alichomwa na mwiba wa mgunga, na mama alikaa kwenye kigoda akiwa ameikalia mikono yake miwili, jasho linamtoka, midomo inahesabu. Alifika ishirini na mbili, akatoka nje. Alirudi mwenyewe baada ya dakika chache, akaupekua mwiba kwa sindano, na wote wawili wakawa wanatetemeka.

Bibi nilimwomba aje siku moja ya Juni. Sikumpangia la kusema. Alimtazama binti yake akigeuza ugali, akaviona viganja vyake kwenye mwanga wa moto, akasema kwamba hakujua kama anakumbuka.

"Nakumbuka asali," binti alijibu, huku anasonga. Kisha akaacha kusonga, akaweka mwiko chini na kuvitazama viganja vyake. "Mama, iliuma."

Bibi hakujitetea. Alisema na yeye iliuma, kwa mjomba, na kwamba hakuwahi kupakwa kitu. Ugali uliungua kidogo siku hiyo, tukaula hivyo hivyo na mlenda.

Sitadai kwamba mambo yamenyooka. Mwezi Julai mama alifunga kufuli tena mtoto akiwa ndani, kwa muda wa kama saa moja, na alikuja kuniambia mwenyewe kabla ya jirani. Baba hajapatikana. Mtoto bado anaficha chakula. Mwalimu amemwachia kopo lenye mfuniko kwenye kabati la darasa aweke humo anachotaka, na hakuna anayelifungua isipokuwa yeye. Afya yake ni nzuri zaidi, ingawa uzito bado uko nyuma ya umri.

Mwalimu alinipigia simu mwishoni mwa Agosti, saa nne asubuhi, wakati wa uji. Alisema mtoto amesukumwa na mwenzake, amechubuka goti, na analia tangu dakika kumi zilizopita, hataki kunyamaza, anamtaka mama yake. Aliuliza afanye nini. Nilimwambia amtume mtu shambani akamwite. Mama alifika akiwa bado na mkasi wa kukatia zabibu mfukoni, akasimama mlangoni mwa darasa kidogo, mikono ameikunja kwapani, kisha akaingia.

Jalada bado liko wazi, na ziara inayofuata imepangwa baada ya mbegu kupandwa.